Mtetemo wa Kwenye Taa

3 Machi

Mzee Bisibisi, shikamoo.

Hunijui, na mimi sikujui, lakini gari lako nalijua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Ni lile dogo jeupe, la zamani, ulilolibadilisha liendeshwe kwa mikono peke yake. Nililinunua kwa dalali mwanzoni mwa mwaka. Jina lako la utani na sanduku lako la posta nimevipata kwake baada ya kumganda wiki nzima. Akaniambia, "Yule mzee simu haisikii, kiwanda kimemla masikio. Mwandikie." Haya, nakuandikia.

Mimi ni mshona mapazia. Miguu yangu ilipooza nikiwa mtoto, na tafadhali usianze kunionea huruma, hata sikumbuki ilivyokuwa ikifanya kazi. Naishi peke yangu: chumba cha kulala, chumba cha cherehani, na jiko la kugeukia tu. Napima madirisha ya watu, nashona, napeleka. Kabla ya gari hili nilikuwa nakaa mlangoni na vitambaa vyangu mapajani, nangoja mtu mwenye nafasi na moyo mzuri anipeleke. Wengi wana kimoja kati ya hivyo viwili.

Gari lako limenitoa huko. Siku ya kwanza nilipobonyeza ule ulimi ulioweka kwenye kichwa cha gia, nikasikia klachi inajikanyaga yenyewe kule chini, nilipiga kelele barabarani mpaka muuza magazeti akaja kuuliza kama nimegongwa.

Tatizo ni likisimama. Kwenye taa, kwenye foleni, linaanza kutetemeka. Injini inapanda, inashuka, inatafuta pumzi. Vioo vinacheza, na mimi nacheza navyo. Nikiondoka, linatulia. Juzi lilikaribia kuzima kabisa.

Fundi wa mtaani kwetu tunamwita Mluzi, kwa sababu anapiga mluzi hata akiwa anakupa habari mbaya. Yeye anasema kosa ni la "hayo madude" uliyoongeza, na anataka kuyakata ayatupe. Nikamuuliza, ukishayatupa nitakanyaga klachi na nini, na pua? Akapiga mluzi.

Sasa nikuambie kinachoninyima usingizi. Kaka yangu mkubwa hakutaka kabisa ninunue gari. Ameniandalia chumba nyumbani kwake, cha uani, dirisha lake linatazama ukuta. Amesema gari likiniacha barabarani hata mara moja, anakuja na lori kunihamisha mimi na cherehani yangu. Ananipenda, najua. Lakini mle ndani nitakuwa mtu wa kuletewa chai na kuulizwa kama nimelala vizuri, basi. Mzee, sitaki kile chumba. Nisaidie.

Wako,
Dada Pazia (ndivyo wateja wanavyoniita)


11 Machi

Dada Pazia,

Marahaba. Barua yako ni ndefu. Yangu itakuwa fupi.

Mtu asikate kitu. Huyo Mluzi mwambie akaguse magari mengine.

Mimi si fundi magari. Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kujaza chupa. Kule chupa zinanyanyuliwa kwa kufyonzwa hewa, nikajiuliza, kama hewa inanyanyua chupa, kwa nini isivute klachi? Fungua boneti. Utaona kopo jeusi, mkono wa kushoto. Mpira mmoja unatoka kwenye kopo unakwenda kwenye bomba ambalo injini inavutia hewa. Injini inafyonza, kopo linavuta klachi. Katikati kuna vali. Ukibonyeza ulimi wa gia, vali inafunguka. Ukiachia, inajifunga. Hakuna uchawi.

Injini ikitetemeka imesimama, mara nyingi kuna hewa ya wizi inaingia mahali. Hewa inazidi, mafuta yanapungua, inakosa nguvu. Fanya hivi. Washa gari. Mluzi akunje ule mpira aubane kwa koleo. Likitulia, kosa liko upande wangu, upande wa kopo. Lisipotulia, ni plagi au kabureta, na hayo ni ya Mluzi.

Jambo moja. Miaka yote tuliyokuwa nalo, gari hilo halikutetemeka hata siku moja. Masikio yangu ni mabovu, makalio yangu ni mazima. Ningejua. Kwa hiyo kuna kitu mmekichokoa huko.

Nililiuza ili nisilione tena. Sikutegemea kuanza kuletewa habari zake.

Bisibisi


17 Machi

Mzee wangu, shikamoo tena, na pole kwa kuletewa habari.

Hatujachokoa chochote. Sasa sikiliza maajabu. Tumeliwasha uani. Mluzi kashika koleo, mimi nimekaa kwenye kigoda pembeni nikisimamia kwa mdomo. Injini imetulia, haina hata kikohozi. Tukaweka bilauri ya maji juu yake, maji yakakaa tu. Utabana mpira ili litulie vipi wakati limeshatulia?

Nikamwambia Mluzi, panda twende barabarani. Kwenye taa ya kwanza likaanza vitimbi vyake. Mluzi akasema, "Ngoja, nalikamata sasa hivi," akaruka nje. Nikainama nikavuta waya wa boneti ili afungue. Akifungua tu, kimya. Akafunga, akarudi kukaa. Taa iliyofuata, mtetemo. Karuka tena, nimevuta waya, kimya! Mara ya tatu hakushuka. Alisema gari linamdharau. Amebadilisha plagi zote, amesafisha kabureta mpaka inang'aa, na bado ni vile vile.

Mzee, nina ombi. Dalali aliniambia gari lilikuwa la mkeo, mwalimu wa hesabu. Mwambie aniandikie hata mistari miwili. Wewe umelitengeneza, lakini yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha kila siku, na kuna vitu mwanamke anaviona kwenye gari ambavyo mwanaume hata umwoneshe haoni. Pia mwambie nimeukuta ule mto mdogo wa maua kwenye kiti chake. Ni laini, unanifaa mgongo. Mishono yake, Mungu amsamehe, ila hilo usimwambie.

Nisalimie mkeo sana.

Dada Pazia


24 Machi

Dada Pazia,

Mto niliushona mimi.

Mwalimu hayupo nyumbani kwa sasa. Uliza kwangu.

Nimeifikiria habari yako. Uani, gari limetulia kwa sababu ni baridi. Barabarani limeshapata moto. Ule mpira unapita karibu na bomba la moshi, na mpira mzee ukipata moto unapanuka, ufa unafunguka. Kwenye taa Mluzi akifungua boneti upepo unaingia, unapoa. Ndiyo maana linanyamaza akifungua.

Endesha mpaka injini iwe ya moto kweli. Rudi uani, usizime. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni kwako, ncha nyingine uipitishe taratibu kwenye kopo, kwenye viungio vyote, mpaka kwenye injini. Hewa inapoingilia itakupigia mluzi. Huo ndio mluzi wa kuuamini.

Huku hakuna jipya. Nimehamisha meza yangu ya kazi kutoka kibandani nikaileta sebuleni. Hakuna wa kulalamika kuhusu grisi.

Bisibisi

Ukiandika, andika kwa herufi kubwa kidogo.


2 Aprili

Mzee Bisibisi,

HERUFI KUBWA HIZI HAPA. LIMENIZIMIKIA.

Nilifanya ulivyosema. Nimezunguka mji mpaka injini inachoma. Nimerudi uani, nimeshushwa, nimekaa na mpira sikioni kama daktari. Kimya. Nimesikia mpaka jirani anavyomsema mkwewe, ila mluzi wa hewa sikuusikia. Na lilikuwa la moto, Mzee. Kwa hiyo moto si sababu.

Kesho yake nimepakia mapazia ya ukumbi, mazito, kazi kubwa kuliko zote nilizopata mwaka huu. Kwenye njia panda likatetemeka, likashuka, likazima. Likagoma kuwaka. Nyuma honi, mbele honi. Unajua inavyokuwa ukiwa huwezi kushuka usukume? Unakaa. Unatazama mbele kama vile hilo jambo linamhusu mtu mwingine. Wanaume wanne wakanisukuma pembeni na mimi ndani yake, mmoja akaniambia, "Mama, si ungepumzika nyumbani tu?" Alisema kwa upole. Nilitamani angetukana.

Na yupo mtu aliyempigia kaka. Alikuja, hakunigombeza, akanishika bega. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu anakuja na lori. Amenunua mpaka kitanda.

Nilijikaza mpaka alipoondoka, kisha nikalia kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kunisikia.

Sasa niseme lililo moyoni, na kama nakukosea adabu unisamehe. Mmeniuzia gari gonjwa. Unasema halikutetemeka hata siku moja, sikuamini. Na mkeo simwelewi. Namwomba mistari miwili, mwanamke mwenzangu, mwenye miguu kama yangu, ananyamaza. Anajua ninavyohangaika. Kama alilichoka gari kwa sababu hii hii, aseme. Kunyamaza si uungwana.

Dada Pazia


8 Aprili

Dada Pazia,

Mwalimu alifariki. Mwezi wa nane mwaka jana, kifua, wiki mbili tu za kuugua.

Ningekuambia mapema. Lakini ulipoandika "nisalimie mkeo", nikaona kuna mahali duniani mtu anamtumia salamu. Huku kila mtu anazungumza habari zake kwa sauti ya chini, kama vile yumo chumbani anaumwa. Wewe ulikuwa unamsema mishono yake. Nikaacha iendelee kidogo. Usinifikirie vibaya.

Sikukuuzia gari gonjwa. Naapa. Kila Jumapili tulitoka nalo, na likizo zote, mimi kiti cha pembeni, yeye kwenye usukani. Kwenye kila taa ya mji huu tumesimama. Halikutetemeka.

Nimekaa na barua zako zote mezani. Uani halitetemeki, wewe ukiwa nje. Barabarani linatetemeka, wewe ukiwa ndani. Sasa siwazi tena habari za moto. Nakuwaza wewe.

Andika kila unachofanya, toka unafungua mlango mpaka linaanza kutetemeka. Usiache kitu ukidhani ni cha kipuuzi. Kiwandani tulikuwa hatuulizi mashine ina nini, tulikuwa tunamuuliza aliyekuwa ameisimamia.

Chumba hicho cha uani sikipendi na sijakiona.

Bisibisi


13 Aprili

Mzee wangu, Baba yangu,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa na kitambaa cha mtu mezani, nikakilowesha. Na nilivyomsema! Mwalimu anisamehe huko aliko. Nawe nisamehe.

Nitaandika ulivyotaka, maana ndicho ninachoweza kukufanyia.

Nafungua mlango. Nageuka, nakaa, navuta mguu mmoja, kisha mwenzake. Magongo nayatupa kiti cha nyuma, yanagonga mlango kila siku. Naurekebisha mto wako. Kiti cha pembeni hakina kitu, mapazia yanakaa nyuma. Nawasha. Naliamkia gari, ndiyo, naliamkia, usicheke. Mkono wa nje unashika ule mti wa kando ya usukani, kuvuta ni mafuta, kusukuma ni breki. Mkono wa ndani ni wa gia. Nabonyeza ulimi, naingiza, naachia, naondoka.

Njiani naongea. Nalisimulia gari wateja walivyo: huyu anataka pazia la kijani lakini si kijani hicho, yule ana dirisha moja na maoni kumi. Siku nzima huwa sijaongea na mtu, Mzee, kwa hiyo yananitoka yote humo.

Taa nyekundu. Nasukuma mti, gari linasimama. Nabonyeza ulimi, natoa gia, naachia. Halafu nakaa. Mkono wa breki unashikilia breki, mkono wa gia unabaki hapo hapo, umelala juu ya kichwa cha gia. Utaenda wapi tena? Natazama watu wa magari mengine. Wawili wawili, wanabishana, wanakula, mmoja anamtoa mwenzake uzi begani. Hapo ndipo linapoanza kutetemeka.

Ni hayo tu. Nimeona aibu kuyaandika, sijui kwa nini.

Kaka amenitumia picha ya kitanda.

Dada Pazia


17 Aprili

Dada Pazia,

Ukisimama na kutoa gia, ondoa mkono kwenye kichwa cha gia. Uweke popote, ila si hapo. Usibadilishe kingine chochote.

Jaribu taa nyingi. Niandikie upesi.

Barua ndefu siiwezi leo.

Bisibisi


22 Aprili

MZEE!

Limetulia! Limetulia, limetulia, limetulia! Nimesimama taa zote za mjini, nyingine nimezirudia makusudi. Nimewekwa kwenye foleni ya daraja, foleni ambayo watu wanazaliwa na kukua humo, na injini iko kimya mpaka nikadhani imezima. Nikiugusisha mkono kwenye gia kidogo tu, mtetemo. Nikiutoa, kimya. Nikamwita Mluzi aje aone. Nimegusa, nimetoa, nimegusa, nimetoa. Hakupiga mluzi. Alivua kofia.

Kaka anakuja Jumamosi na lori lake. Nitampakia yeye ndani ya gari, tuone nani anamhamisha nani.

Lakini umejuaje? Umeniacha njiani, Mzee. Miezi miwili tunababaika, halafu unaniandikia mistari mitatu kama mganga. Mkono ulikuwa na nini? Na kama ulikuwa unajua, kwa nini hukusema tangu mwanzo?

Dada Pazia wako, ambaye leo amecheka peke yake barabarani


29 Aprili

Dada Pazia, mwanangu,

Nimefurahi. Kwanza nikueleze la chuma, kisha lile jingine.

Vali ile ina hali mbili. Ukibonyeza ulimi mpaka mwisho, inafunguka sawasawa. Ukiachia kabisa, inafunga sawasawa. Lakini ukiugusa tu, mkono ukaulalia bila kuubonyeza, vali inabaki katikati. Haijafunguka, haijafunga, na pale katikati inavuta hewa ya nje moja kwa moja mpaka kwenye injini. Hiyo ndiyo hewa ya wizi. Ulikuwa ukiinama kumfungulia Mluzi boneti, unaondoa mkono, ndiyo maana alikuwa hakuti kitu. Springi niliyoweka ni laini mno. Niliiweka laini kwa sababu vidole vyake havikuwa na nguvu.

Umeuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Sikuwa najua. Na nitakuambia kwa nini sikujua.

Tukisimama kwenye taa, Mwalimu alikuwa anatoa gia, halafu mkono wake anauweka gotini kwangu. Kila taa. Hakuwa ananitazama, wala hatukuwa tukiongea lolote la maana, pengine tunabishana kuhusu mafuta ya taa au paa linalovuja. Mkono unakuja tu. Ikiwaka kijani, unarudi kwenye gia. Miaka yote hiyo. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba ungeniuliza Mwalimu hufanya nini kwenye taa, ningekuambia hafanyi kitu.

Niliposoma ulipoandika "utaenda wapi tena", niliiweka barua chini, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka baridi ikanirudisha ndani.

Kuna zaidi. Alikuwa akiniambia. Siku za kazi alikuwa anakwenda shule peke yake, akirudi anasema, "Leo limetetemeka njia nzima." Nachukua kofia, tunatoka wote kulijaribu. Kila taa, kimya. Anasema, "Unaona? Usipokuwepo linanuna." Nasema, ni kweli, nimelilea vizuri. Tunacheka, tunarudi. Likawa neno letu la mle ndani. Nikichelewa kurudi kutoka kazini ananiambia, "Leo limekununia." Mimi nilijua ananibembeleza. Yeye alijua mimi ndiye dawa. Hakuna aliyefikiria kuutazama mkono. Na yeye mtu wa hesabu! Angelijua hili angenichorea na mchoro ubaoni, na asingeniacha nipumue.

Sasa nimepata jibu, Dada Pazia, na mwenye swali hayupo. Nina hamu ya kumwambia. Nimezunguka nyumba nikitafuta pa kulisema. Nimejaribu kulisema kwa sauti sebuleni, lakini mimi mwenyewe sisikii vizuri, kwa hiyo hata hapo halikusikika. Kifo nilikuwa nimeanza kukizoea. Hili sijui nitalizoea vipi.

Nimekunja springi mpya, ngumu kidogo. Mluzi akiifunga, utaweza kuulaza mkono wako unapotaka na gari halitalalamika. Niambie kama niipeleke posta.

Jumamosi imekwendaje? Nimekuombea.

Bisibisi


9 Mei

Mzee Bisibisi, Baba yangu, shikamoo.

Kaka alikuja na lori, na vijana wawili wa kubeba, na kamba mpya. Nikamwambia, kabla hujafunga hata sindano yangu, panda. Akapanda. Nikampeleka sokoni, darajani, kwenye ile njia panda iliyoniaibisha. Nikasimama taa kumi na kitu. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili akingoja litetemeke, maskini, mpaka vidole vikamchoka. Mwishoni akasema, "Mbona hili gari zima?" Nikasema, mimi nilikuwa nakuambia nini? Akacheka, akafuta macho, akasema ananihofia tu. Nikamwambia najua. Alikunywa chai kwangu, na aliyemletea ni mimi. Lori limerudi tupu. Kitanda anasema atakilalia mwenyewe, mgongo wake umechoka.

Kwa hiyo nimeshinda. Nyumba ni yangu, kazi ni yangu, barabara ni yangu. Walipoondoka nilifunga mlango, nikakaa kwenye kiti cha cherehani, nikageuka nimwambie mtu kwamba nimeshinda.

Hapo ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili, nikakuelewa vizuri.

Nikuambie jambo ambalo kaka nisingemwambia. Tangu uliponiambia niondoe mkono, kila taa naondoa, halafu nabaki nao hewani. Sijui pa kuuweka. Mapajani unakaa kama wa mgeni. Dirishani haufiki. Miaka yote hii naishi peke yangu na sijawahi kuuona mkono huu, sasa nauona kila taa nyekundu. Wewe na Mwalimu mmenifungua macho, na sijui kama niwashukuru.

Springi usiitume posta. Ilete.

Panda basi la asubuhi, ushuke stendi kuu. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, sihitaji mtu. Utakaa kwenye kiti chako kile cha pembeni. Tutakwenda polepole, taa baada ya taa, na likitulia, uyaseme yote uliyotaka kumwambia. Yaseme kwa sauti kubwa, yatoke. Mimi nitakuwa natazama barabara.

Mwanao,
Dada Pazia